Kuanzia Tisa Hadi Moja: Ugomvi wa BGP na OSPF Mjini Bujumbura

Mteja akipiga simu kusema "rezo imekufa", yaani mtandao umekatika, fundi wa Bujumbura huwa na washukiwa watatu mdomoni kabla hajavaa viatu: umeme, mvua na kebo ya baharini. Mara nyingi anawasingizia. Umeme upo, mvua ilikatika tangu alfajiri, kebo kule Dar es Salaam inabeba mizigo yake kama kawaida, na ugomvi uko ndani ya kabati lake mwenyewe, kati ya itifaki mbili zilizowekwa nyumba moja bila kufundishwa kuishi pamoja.

Kwa msomaji asiye fundi, karibu, usiondoke. OSPF ni mama mwenye nyumba. Anajua kila chumba, kila korido, na mlango upi umefungwa sasa hivi. BGP ni balozi wa mtaa: kazi yake ni kuongea na mitaa mingine, kusema "sisi tunakaa huku, na kwa fulani mnaweza kupitia kwetu". BGP ilichorwa mwaka 1989 na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter kwenye leso tatu za karatasi, wakati wa chakula cha mchana huko Austin, Texas. OSPF nayo ilitoka mwaka huohuo, kwa mkono wa John Moy. Ni marika hawa wawili, na kama marika wote, kila mmoja anaamini anajua zaidi.

Sisi Burundi tuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673 lakini hatuna bahari. Ujumbe unaotoka Buyenzi kwenda London husafiri nchi kavu kwanza, kupitia Rwanda au Tanzania, ndipo uzame kwenye kebo kama SEACOM, iliyofika ukanda wetu mwaka 2009, au EASSy ya mwaka 2010. Ukiwa na milango miwili ya kutokea, mama na balozi wakikosa kuelewana, mzigo wa watu unazunguka au unapotea. Ndiyo maana nayachukua makosa haya kwa uzito. Tunahesabu kurudi nyuma, kutoka jepesi hadi lile lililowakesha mafundi wengi zaidi.

9. Mzigo mnene, mlango mwembamba

Ruta mbili zinaonana. Zinasalimiana kila sekunde 10, vizuri kabisa. Lakini ujirani wa OSPF unakwama katikati, siku nzima, haufiki mwisho. Fundi anabadilisha kebo, anabadilisha antena, anabadilisha hata fundi mwenzake!

Salamu ni pakiti ndogo, zinapita popote. Tatizo linaanza pale ruta zinapokabidhiana orodha ya njia, kwa sababu kila moja inataja ukubwa wa pakiti inayoweza kupokea. Upande mmoja ukisema baiti 1,500 na mwingine 1,476, kwa kuwa kuna handaki la GRE lililokula baiti 24, yule mwenye mlango mwembamba anakataa kuendelea. BGP nayo itafungua kikao, itasalimia, kisha itaanguka pale matangazo makubwa yatakapoanza kupita. Tuma pingi ya baiti 1,500 iliyokatazwa kukatwa vipande. Isipofika, umempata mwizi, na antena irudishie heshima yake.

8. "Active" haina maana kwamba kazi inaendelea

Vijana wengi husoma neno "Active" kwenye orodha ya majirani wa BGP, wanafurahi, wanafunga kompyuta. Kijana wangu, hapo BGP inahangaika! Inagonga bandari 179 ya TCP na hakuna anayefungua. Kikao kilichofunguka kinaonyesha idadi ya njia zilizopokelewa, yaani tarakimu. Ukiona neno mahali pa tarakimu, usiende nyumbani.

Kwa ruta za nyumba moja, chanzo cha kawaida ni hiki: BGP imeambiwa iongee na jirani kupitia anwani ya lupubeki, yaani intafesi ya ndani ya ruta isiyotegemea kebo yoyote, na OSPF haijaitangaza anwani hiyo. Balozi ameitwa kikaoni na mama mwenye nyumba hajamwonyesha chumba. Au anwani imetangazwa, lakini ruta yako inatuma barua kwa jina la intafesi nyingine, na jirani anamfukuza mgeni asiyemjua. Angalia mambo hayo mawili, tena pande zote mbili, kabla ya kugusa kitu kingine.

Lupubeki zenyewe usiziache. Kiungo cha redio kati ya vilima vyetu kikiyumba, OSPF kwa saa zake za kawaida itagundua ndani ya sekunde 40 na kutafuta njia nyingine, huku BGP ya Cisco ikisubiri hadi sekunde 180 kabla ya kukata tamaa. Kikao kilichofungwa kwenye lupubeki hakitasikia hata hilo tetemeko.

7. Neno moja lililosahaulika

Kwenye programu za zamani za Cisco, ukiamuru njia za itifaki nyingine, kama BGP, zimwagwe ndani ya OSPF bila kuongeza neno la subneti mwishoni, zinapita zile za mtandao mzima tu, kama 10.0.0.0/8. Vipande vya /24, ambavyo ndivyo karibu vyote ulivyonavyo, vinabaki nje mlangoni. Matoleo mapya huliongeza neno hilo yenyewe. Lakini nani hapa mjini ana vifaa vipya tu? Andika neno, songa mbele.

6. Ulichodhani kimepita, hakikupita

Hizi ni kanuni mbili za Cisco, zishike. Ukimwaga BGP ndani ya OSPF, zinaingia njia ulizofundishwa na jirani wa nje. Zile ulizofundishwa na ruta mwenzako wa ndani kwa BGP hazimo mpaka uziruhusu kwa amri yake. Ukimwaga OSPF ndani ya BGP, zinaingia njia za ndani ya OSPF. Zile zilizoingia OSPF kutoka nje hazimo mpaka uzitaje. Watu hulalamika kwamba kanuni hizi ni za uchoyo. Zimekaa pale kama komeo, na ukifika namba 3 utaona komeo lenyewe linazuia nini.

5. "Nenda kwa mzee wa avenyu ya 13"

Mgeni kutoka Ngozi anashuka stendi, unamwambia: nenda kwa mzee wa avenyu ya 13. Umemwambia kweli tupu, na bado hafiki, kwa sababu hukumwambia kwamba avenyu hiyo iko Buyenzi, wala yeye Buyenzi haijui.

BGP hufanya hivyohivyo. Njia inayoingia kutoka kwa jirani wa nje hubeba anwani ya jirani huyo kama kituo kinachofuata, na ruta ya mpakani inapoipitisha kwa ndugu zake wa ndani, haibadilishi anwani hiyo. Ndani, OSPF haijawahi kusikia kile kiungo kidogo cha /30 kinachoelekea kwa jirani. Njia inaonekana kwenye jedwali la BGP, imeandikwa vizuri, na haiingii kwenye jedwali la kazi hata siku moja, kwa maana kituo chake hakifikiki.

Itazame kwa karibu. Kwenye orodha ya BGP ya Cisco, njia halali ina nyota, na iliyochaguliwa ina nyota pamoja na alama ya mshale. Nyota bila mshale, na hakuna njia nyingine ya anwani hiyohiyo? Fungua maelezo ya njia hiyo, soma kituo kinachofuata, kisha uliza OSPF: unamjua huyu? Akisema hapana, una dawa mbili. Ruta ya mpakani ijitaje yenyewe kuwa ndiyo kituo, au kiungo kile kiingizwe kwenye OSPF kikiwa kimya, bila kusalimia mtu. Mimi nachagua ya kwanza kila mara. Anwani za jirani zibaki kwa jirani.

4. Kumwaga dunia nzima sebuleni

Hapa ndipo utani wangu unapoisha kidogo, maana jambo hili nimeliona likiiangusha rezo nzima kwa mstari mmoja ulioandikwa saa nane ya usiku.

Jedwali zima la intaneti lina njia karibu milioni moja za IPv4. BGP ilizaliwa kubeba mzigo huo. Inapokea, inachuja, inatulia, na haisemi tena mpaka kitu kibadilike. OSPF si hivyo. Kila njia ya nje ni tangazo linalopaswa kufika kwenye kila ruta ya nyumba na kukaa kwenye kumbukumbu ya kila moja, tena hutangazwa upya kila dakika 30 hata kama hakuna kilichobadilika. Umwagie mama mwenye nyumba wageni milioni moja, na kila baada ya nusu saa awasalimie wote kwa majina! Ruta ndogo inaishiwa kumbukumbu, majirani wanapotezana, OSPF inaanza upya, na kabla haijasimama wageni wameingia tena.

Kwa nyumba nyingi za Bujumbura inatosha OSPF ibebe njia moja tu ya kutokea nje, ile ya 0.0.0.0/0, pamoja na lupubeki na viungo vya ndani. Ikiwa kuna njia chache za BGP unazozihitaji ndani, zitaje kwa majina kwenye chujio, na uweke kikomo cha idadi. Amri ya kumwaga isiyo na chujio isikae kwenye ruta yako hata usiku mmoja.

3. Mgonjwa amepona, dawa bado inampeleka kaskazini

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo huanika makosa yaliyolala kwenye ruta kwa miaka. Chukua mfano wa nyumba yenye milango miwili: ruta ya kaskazini inaongea na jirani wa Rwanda, ruta ya mashariki inaongea na jirani wa Tanzania kule Kobero. Zote mbili zinamwaga BGP ndani ya OSPF, na OSPF ndani ya BGP, njia za nje zikiwemo. Lile komeo la namba 6 mtu amelifungua.

Sasa jirani wa mashariki anaondoa njia fulani. Ruta ya mashariki imebaki na habari hiyohiyo kwa midomo miwili: BGP ya ndani kutoka kaskazini, na OSPF kutoka kaskazini hukohuko. Nani aaminiwe? Cisco ina namba zake, na aliye na namba ndogo ndiye hushinda: BGP ya nje 20, OSPF 110, BGP ya ndani 200. OSPF inashinda. Kisha ruta hiyo inaichukua njia ya OSPF na kuimwaga kwenye BGP yake, na kwa kuwa imeizaa yenyewe, inaipa uzito wa 32,768. Njia ya jirani uzito wake ni sifuri.

Unaona tunakoelekea? Mashariki inapona, jirani wa Tanzania anarudi na njia yake safi, na ruta inamwangalia kama mgeni asiyealikwa. Trafiki inaendelea kupanda kaskazini siku nzima, wiki nzima. Wateja wanapiga simu: mbona kebo imetengenezwa na sisi bado tunasota? Ubaya zaidi, ruta ya mashariki inawatangazia majirani kwamba anwani zile za mbali zimezaliwa Bujumbura, maana kupita ndani ya OSPF kumefuta orodha ya mitaa zilikopita. Hilo limewahi kutokea: tarehe 25 Aprili 1997 ruta ya mtandao wa AS 7007 huko Marekani ilitangaza vipande vya /24 vya watu wengine vikionekana vimezaliwa kwake, na sehemu kubwa ya intaneti ikapotea njia.

Dawa ni lebo. Kila njia inayotoka BGP kuingia OSPF ipigwe lebo mlangoni, na kila mlango wa kutokea ukatae njia yenye lebo hiyo. Vilevile BGP itangaze nje zile anwani zako tu, ulizoziandika kwa mkono. Ukinibana nichague kanuni moja ya kuwafundisha vijana wote wa mji huu, nitachagua hii: kumwaga pande zote mbili ni mwiko.

2. Gitega hajaambiwa

Ruta tatu kwa mstari: Bujumbura, Gitega, Kobero. Za pembeni zinaongea BGP kati yao. Ya katikati inajua OSPF tu, kwa sababu mtu alisema "hii ni ya kupitishia tu". Bujumbura inajua kwamba London iko upande wa Kobero, inakabidhi pakiti kwa Gitega. Gitega anaitazama: London ndiyo nini? Anaitupa.

Kukiwa na njia ya jumla inayorudi Bujumbura, mchezo unakuwa wa mpira. Fuatilia njia hatua kwa hatua na utaisoma kwenye skrini: Bujumbura, Gitega, Bujumbura, Gitega, mpaka pakiti inakufa kwa uchovu. Ukiona majina mawili yanapokezana hivyo, acha kugusa mipaka. Tatizo ni la katikati.

Kwa ajili ya ajali hii hasa ndipo wakongwe walipoweka kanuni ya usawazishaji: BGP isitumie wala isimtangazie mtu wa nje njia iliyofundishwa na mwenzake wa ndani, mpaka OSPF nayo iwe inaijua. Usialike wageni kabla ya jikoni kujua. Kanuni yenye huruma, na kwa wakati wake ilifanya kazi. Siku hizi dawa ni kumfundisha BGP kila ruta ya katikati. Ruta 10 zikiongea zote kwa zote ni vikao 45, na ndiyo maana mwaka 1996 kikaja kiakisi njia, ruta moja inayowapasha habari wengine wote.

1. Mtu mmoja, majina mawili

Ofisi moja katikati ya mji, saa tano usiku, umeme umerudi baada ya kukatika jioni. Ruta mbili kuukuu za Cisco, zilizonunuliwa zikiwa zimetumika Ulaya, zimewaka vizuri. Mteja wa jengo la jirani, aliyeunganishwa kwa BGP yake mwenyewe, hana intaneti. Kijana wa zamu ananiita:

"Kaka, njoo uone. Kutoka kwenye ruta ya pili pingi inafika Dar es Salaam. Kwa mteja hakuna kitu!"

"Ruta ya pili inaijua njia kwa nani?"

"Kwa OSPF, kaka."

"Na BGP inasemaje?"

Anafungua maelezo ya njia. Nyota haina mshale, na pembeni kuna maneno yanayosema njia haijasawazishwa.

Haijasawazishwa vipi, na OSPF inaijua? Hapo ndipo watu wengi huzima na kuwasha ruta mpaka asubuhi. Lakini kanuni ile ina kipengele cha pili. Hati ya RFC 1403 ya Januari 1993, na RFC 1745 ya Desemba 1994 iliyoifuata, zinataka kitambulisho cha ruta katika OSPF na kitambulisho chake katika BGP viwe kimoja. Na programu ya Cisco inakagua: njia hii nimeletewa na fulani kwa BGP, je, kwenye OSPF imetangazwa na fulani yuleyule? Majina yakitofautiana, inahesabu kwamba ni watu wawili, na njia haisawazishwi.

Tukachukua karatasi, tukaandika. Ruta ya kwanza kwa OSPF: 10.255.0.1, jina lililowekwa kwa mkono miaka iliyopita. Ruta ya kwanza kwa BGP: 172.16.0.1. Hilo limetoka wapi? Miezi michache nyuma mtu aliongeza lupubeki mpya kwa ajili ya ufuatiliaji. BGP haikuwa imepewa jina kwa mkono, na asiyepewa jina hujipa mwenyewe anwani kubwa kuliko zote za lupubeki. Ilikuwa imeshika jina lake la zamani mpaka umeme ulipokatika. Ilipoamka, ilijitazama na kujiita upya. OSPF ikabaki na jina la mkono. Ruta ya pili ikawaona watu wawili, ikamnyima mteja njia, bila kosa lolote la kebo, mvua wala bahari.

Tuliandika 10.255.0.1 kwa mkono kwenye BGP, kikao kikajifunga na kufunguka, mshale ukatokea pembeni ya nyota. Mteja alipata intaneti kabla ya saa sita. Wiki iliyofuata tulifundisha BGP ruta zote za njiani, tukazima usawazishaji kabisa. Cisco yenyewe iliacha kuuwasha kwa kawaida kuanzia toleo la 12.2(8)T, lakini ruta kuukuu hubeba sheria za enzi zake, na mji wetu una nyingi.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, usiku huu kabla hujafunga kabati, soma vitambulisho vyote viwili vya kila ruta, uviandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango. Ukikuta vimetofautiana, usiguse mchana watu wakiwa kazini, maana kubadilisha kitambulisho cha BGP huangusha vikao vyote vya ruta hiyo. Subiri saa sita usiku, mwambie mteja mapema, kisha viweke vyote viwili kwa mkono.